Ukame wa Utunzi: Namna Mshairi wa Arudhi Anavyoweza Kuirejesha Ari Yake

Utangulizi

Kwa walio wengi miongoni mwetu, kutunga mashairi si ajira wala si somo, ni uraibu. Ni kazi ya saa za jioni baada ya mihadhara, ifanywayo na mtu asiyelipwa wala kuhimizwa na yeyote. Hata hivyo, ni uraibu wenye ufundi. Anayetunga tarbia ya mtiririko hana budi kuhesabu mizani 16 katika kila mshororo, 8 za ukwapi na 8 za utao, huku akivilinda vina vya kati na vya mwisho tangu ubeti wa kwanza hadi wa tamati. Uraibu wa aina hii una maradhi yake. Siku moja mtunzi huketi, kalamu mkononi, asiandike neno. Kesho yake mambo huwa yale yale. Mwezi ukapita, kisha muhula, na daftari likahamia chini ya sanduku.

Makala haya yananuia kueleza chanzo cha ukame huo na njia za kuutibu. Hoja yetu kuu ni kwamba ari ya mtunzi wa arudhi haipotei kwa sababu kanuni zimembana. Aghalabu hupotea kwa sababu ameacha kuzitumia kanuni hizo kama zana za kazi, na ameacha kumtungia mtu. Suala hili si la mtu binafsi pekee. Kila mwanafunzi anayelifunga daftari lake hutusogeza karibu na hali ambapo arudhi itakuwa mali ya chumba cha mtihani, ichambuliwe na wengi na kutungwa na wachache.

Chanzo cha Ukame

Chanzo cha kwanza ni kwamba jicho hukomaa kabla ya mkono. Mwandishi wa makala haya alitunga kwa wingi alipokuwa shule ya upili. Alipoingia chuo kikuu alifundishwa kuhakiki, na kwa muda uliokaribia miaka miwili hakutunga hata ubeti mmoja. Kila mshororo aliouanza ulikutana na mhakiki aliyekaa ndani yake, naye akaukataa kabla haujafika kwenye kituo. Elimu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kumwita mhakiki mapema mno, kabla ya fundi kumaliza kazi.

Chanzo cha pili ni kuingoja ilhamu. Wapo wanaoamini kwamba shairi hushuka lenyewe, na kwamba asiyeshukiwa hana la kufanya ila kusubiri. Anayeamini hivi hungoja, na kadiri anavyongoja ndivyo sikio lake linavyopoa. Mizani ni mazoea ya sikio, asiyeyatumia huyasahau.

Chanzo cha tatu ni upweke. Ushairi wa Kiswahili ulikulia barazani, mbele ya watu waliosikia na kujibu. Mtunzi anayeandika peke yake chumbani, asiye na msomaji wala mpinzani, anafanya kazi ambayo jadi haikukusudia ifanywe hivyo.

Ni vyema pia kutambua kwamba kuna uchovu usiohusiana na ushairi. Aliyepoteza hamu ya chakula, ya usingizi na ya marafiki hahitaji somo la vina. Anahitaji kupumzika na kuzungumza na mtu anayeweza kumsaidia. Makala haya yanamhusu yule ambaye mengine yote yanamwendea vyema, ila kalamu tu imegoma.

Kurudi kwa Kazi Ndogo

Tiba ya kwanza ni kuishusha kazi hadi kiwango ambacho mkono hauwezi kukikataa. Asijitwishe shairi la beti 12 wala utenzi. Achukue kipande kimoja cha mizani 8, akirekebishe, kisha alale.

Tuchukue mfano. Mtu anataka kusema, "Nakumbuka kijiji chetu." Akihesabu, anapata mizani 9: na-ku-mbu-ka-ki-ji-ji-che-tu. Imezidi moja. Anaweza kuliondoa neno "chetu" na kukitia kiambishi cha mtendwa: "Nakikumbuka kijiji." Sasa ni 8. Lakini kina chake ni -ji: maji, mji, mwimbaji na mengineyo. Akigeuza mpangilio apate "Kijiji nakikumbuka," mizani zinabaki 8, ila kina kimekuwa -ka, ambacho kina vitenzi tele: toweka, zunguka, anguka, ondoka. Kwa kuhamisha neno moja tu, amejifungulia njia ya beti nzima.

Zipo zana nyingine za namna hii. Inkisari humruhusu kufupisha "nimeona" ikawa "meona" anapotaka kupunguza mizani moja. Mazida humruhusu kurefusha "enda" ikawa "enenda" anapotaka kuongeza. Kazi hii haimdai ilhamu. Ni useremala: kupima, kukata, kupiga randa. Nayo ina sifa moja kubwa, kwamba huwa na jibu. Mizani ama zimetimia ama hazijatimia. Mtu aliyekata tamaa huhitaji ushindi mdogo anaoweza kuuhakikisha mwenyewe, na arudhi humpa ushindi huo kila baada ya silabi nane. Haba na haba hujaza kibaba.

Takhmisa: Kuazima Moto

Tiba ya pili iko katika jadi yenyewe. Takhmisa ni shairi la mishororo 5 katika kila ubeti. Katika utaratibu wake mkongwe, mtunzi huchukua mishororo 2 ya shairi la mtu mwingine, kisha huitangulizia mishororo yake 3 inayoafikiana na vina na maana ya ile ya awali. Takhmisa mashuhuri ya namna hii ni ile inayohusishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyeyajenga maneno yake juu ya shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo.

Kwa mwenye ukame, utaratibu huu una manufaa makubwa. Ukurasa hauwi mtupu tena: mada ipo, vina vipo, na kituo kinajulikana. Tuseme mwenzako amekupa mishororo hii miwili:

Kisima cha kijijini, maji yake yakauka,
Ndoo zimo mikononi, waja nao wazunguka.

Vina ni -ni na -ka. Unajiuliza: kabla ya kisima kukauka, kulitokea nini? Jibu lake ndilo mishororo yako mitatu:

Jua kali la angani, limewaka limewaka,
Na umande majanini, asubuhi watoweka,
Mkulima yu shambani, atazama na kuchoka,
Kisima cha kijijini, maji yake yakauka,
Ndoo zimo mikononi, waja nao wazunguka.

Ubeti huu haukukusudiwa kushinda tuzo. Umekusudiwa kuonyesha kwamba swali moja lililo wazi hutoa mishororo mitatu, ilhali amri ya "tunga shairi" huenda isitoe hata mmoja. Anayeazima moto kwa jirani haoni haya, mradi akifika kwake awashe kuni zake mwenyewe.

Kujibizana

Tiba ya tatu ni kumtafuta mpinzani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, hakutunga kwa ajili ya kabati. Mengi ya mashairi yake yalizaliwa na ugomvi wa siku zile baina ya Mombasa na Lamu, uliofikia kilele chake katika vita vya Shela mapema katika karne ya 19. Kutoka Lamu alijibiwa na malenga kama Zahidi Mngumi. Mashairi yalivuka bahari, na kila lililofika lilidai jawabu.

Malumbano ya namna hii humwondolea mtunzi maswali mawili yanayomsumbua sana: aseme nini, na amwambie nani. Aidha, humwekea muda, maana aliyechokozwa akikawia kujibu huhesabiwa ameshindwa. Mara nyingi anayejibu hufuata bahari ya aliyemwanza, hivyo hata umbo hupewa bure.

Kilichomrejesha mwandishi wa makala haya kwenye utunzi kilikuwa shairi la beti 4 alilotumiwa na rafiki aliyekuwa akisoma chuo kingine. Shairi hilo lilimshutumu kwamba amekuwa kasuku wa mashairi ya wengine. Shutuma ilikuwa ya haki, ila mshororo mmoja ulikuwa na mizani 17. Kulitaja kosa hilo katika mizani 16 zilizotimia kulihitaji jioni nzima, na jioni hiyo ndiyo iliyouvunja ukimya wa karibu miaka miwili.

Sauti Kabla ya Wino

Tiba ya nne ni kuimba. Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), alishikilia kwamba shairi sharti liimbike. Mashairi mengi ya Ahmad Nassir yaliwafikia watu kupitia sauti ya mwimbaji Juma Bhalo wa Mombasa kabla hawajayaona kitabuni. Mtunzi aliyekauka na alisome shairi la malenga anayempenda kwa mahadhi, si kwa jicho pekee, kila siku kwa wiki mbili. Baada ya muda ataona kwamba mizani zinamjia zikiwa tayari zimekatwa, bila ya kuhesabu kwa vidole.

Vipi Kuhusu Mashairi Huru?

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tusiziache kanuni tukatunga mashairi huru? Njia hiyo ni halali, na ina mabingwa wake. Mashairi ya Kisasa ya Kahigi na Mulokozi (1973) na Kichomi cha Kezilahabi (1974) ni ushahidi wa kutosha. Lakini waandishi hao hawakukimbilia huko kwa kushindwa kuhesabu. Shairi huru lina nidhamu yake ya taswira na mpumuo, na asiyekuwa na ari ya tarbia hataipata ari hiyo kwa kuvunja mishororo tu. Anayehamia huko na ahamie kwa kuwa ana jambo linalolidai umbo hilo.

Hitimisho

Abdilatif Abdalla alifungwa gerezani kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Humo gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni, na tungo hizo zikachapishwa kuwa Sauti ya Dhiki (1973). Hatumtaji ili kumwaibisha mwanafunzi aliye na meza, taa na karatasi. Tunamtaja kwa sababu kisa chake chaonyesha kwamba utunzi hautegemei utulivu wala wasaa. Alikuwa na jambo la kusema, na alikuwa na kanuni alizozibeba kichwani, mahali ambapo hapana askari wa kuzipekua.

Basi mwenye ukame na alitoe daftari chini ya sanduku. Asianze na shairi. Aanze na kipande kimoja cha mizani 8, kisha aazime mishororo miwili ya mwenzake, kisha amchokoze rafiki, na yote hayo ayaimbe kabla ya kuyaandika. Mhakiki na aitwe baadaye, kazi ikiwa imekamilika. Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ya mtunzi wa arudhi ni zile silabi nane alizoanza nazo.