Miwani ya mchuuzi haiwezi kufichua glakoma

MKAZI wa Kalimoni aliyetimiza miaka arobaini na kitu, akianza kuisogeza simu mbali ili asome ujumbe, mara nyingi hamkimbilii daktari. Hushuka katika steji ya Juja, akajaribu jozi tatu au nne za miwani kwa mchuuzi, akalipa na kurejea nyumbani akiwa ameridhika.

Ameridhika kwa sababu sasa anasoma, na kwa hakika miwani hiyo haimdhuru. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza wepesi wake wa kubadili umbo, na maandishi ya karibu yakawa na ukungu. Hakuna anayeiepuka hali hii, awe mwalimu au mchimba mawe.

Hatari iko kwingine. Aliyepata miwani bila kupimwa amepoteza sababu iliyokuwa imfikishe mbele ya mtaalamu wa kumchungulia ndani ya jicho, tena katika umri uleule ambao glakoma huanza kunyemelea.

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, si presha ya damu. Ndani ya jicho mna majimaji yanayotengenezwa na kutoka kila wakati. Njia ya kutokea ikiziba, shinikizo hupanda na kuuharibu polepole mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Wapo pia wanaougua ilhali shinikizo lao ni la kawaida, na ndiyo maana daktari huukagua mshipa wenyewe.

Aina iliyoenea zaidi ya ugonjwa huu haiumi wala haibadilishi rangi ya jicho. Uwezo wa kuona pembeni ndio huondoka kwanza, na kwa kuwa jicho moja hulifidia jingine, mgonjwa huendelea na shughuli zake, pengine hata kuendesha matatu, hadi siku asipoiona pikipiki inayomjia kutoka ubavuni. Kilichopotea hakirudi. Matone ya dawa au upasuaji hulinda kilichosalia tu. Watu wenye asili ya Kiafrika hupatwa zaidi na mapema, na aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huu yumo hatarini zaidi.

Mtoto wa jicho ni kinyume chake. Hapa lenzi yenyewe hufanya ukungu, hasa kutokana na umri, ingawa kisukari na majeraha huweza kuuharakisha. Daktari huiondoa lenzi hiyo na kuweka ya plastiki mahali pake, mbinu iliyoanzishwa na Harold Ridley jijini London mwaka 1949. Kwa kawaida mtu mzima hutiwa ganzi ya jicho tu, na kazi mara nyingi huisha kabla ya nusu saa. Hakuna matone wala mitishamba inayouyeyusha ukungu huo. Ajuza aliyekaa gizani miaka mitatu kwa kuambiwa kwamba "ni uzee tu" amekaa humo bure.

Hayupo peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilisema watu bilioni 2.2 au zaidi wana tatizo la kuona, na kwamba angalau bilioni moja kati yao wana tatizo ambalo lingeweza kuzuiwa au ambalo bado halijashughulikiwa.

Katika eneo hili la Juja, lenye matimbo ya mawe na mafundi wa kuchomelea vyuma, kuna pia majeraha ya kazini. Kipande cha jiwe kikiingia jichoni, kisitolewe kwa kijiti cha kiberiti wala ncha ya kitambaa. Chokaa au kemikali ioshwe papo hapo kwa maji mengi safi, kwa dakika 15 au zaidi, kisha mtu apelekwe hospitalini.

Jingine linalostahili kusemwa waziwazi ni matone ya duka la dawa. Mtoto mwenye mzio hujikuna macho usiku na mchana, naye mzazi hununua dawa ileile iliyomsaidia jirani. Baadhi ya matone hayo yana steroidi, ambazo hutuliza wekundu haraka lakini zikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi huleta glakoma na mtoto wa jicho. Steroidi ni dawa nzuri mikononi mwa daktari, si kwenye kabati la nyumbani.

Aliyepita miaka 40 apimwe angalau kila baada ya miaka miwili, na mwenye glakoma katika ukoo apimwe mara nyingi zaidi. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka hata akiwa anaona vizuri. Kwa wakazi wa Kalimoni, Hospitali ya Thika Level 5 ndiyo iliyo karibu, na katika kaunti hiyohiyo ya Kiambu kuna kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu, kinachohudumu tangu miaka ya 1970.

Kusoma herufi ukutani kutoka mita sita hakutoshi, kwani mgonjwa wa glakoma huweza kuzisoma zote. Kabla ya kuondoka, uliza kama shinikizo la jicho limepimwa na kama mshipa wa fahamu umekaguliwa. Na ile miwani ya mchuuzi nenda nayo, mtaalamu aipime nguvu zake.