Prosesa mpya: tubadilishe ao tungoje?

Siku hizi kila mwenye kutafuta kompyuta ya mkononi anauliza: nichukue ya ARM, ao nibaki na x86 tuliyoizoea? Kwa mwenye dola za kuhesabu, si swali la mchezo. Nieleze kwa mfano wa reli, juu sisi wa Dilolo tunaijua.

Treni ya kutoka Lobito inavuka mpaka kule Luau, inaingia Dilolo bila kubadili magurudumu, juu reli ya Angola na ya kwetu ziko na upana mmoja: milimita 1,067. Tanzania ni tofauti. Reli yao ya zamani ni milimita 1,000, na ile mpya, SGR, ni 1,435. Behewa la moja haliwezi kutembea kwenye ingine.

Prosesa ni vile vile. "Upana" wake ni orodha ya amri inazozielewa. x86 ilianza na Intel 8086, mwaka 1978. ARM ilizaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1985, na leo iko ndani ya karibu kila simu tunayoshika. Programu iliyotengenezwa kwa x86 haiendi moja kwa moja kwenye ARM. Inahitaji kutafsiriwa, na kutafsiri kunakula nguvu na wakati.

Faida ya ARM ni gani? Mara nyingi inakula umeme kidogo. Kwa mwenye kuchaji na paneli ya jua, hiyo ni kitu kikubwa. Apple ilianza kuachana na Intel mwaka 2020 ikafaulu, juu inatengeneza mashine na mfumo wake yenyewe. Upande wa Windows, watengenezaji ni wengi, kila mmoja na mwendo wake. Tena, programu za kawaida zinaweza kutafsiriwa, lakini draiva hapana: kama printa ya zamani ao chombo cha kupimia hakina draiva ya ARM, kinaweza kubaki pambo.

Basi, mbele ya kununua, andika kazi zako. Unaandika TFC, unafundisha, unasoma kwenye intaneti? ARM inatosha. Unasomea jeolojia ao migodi, unatafuta kazi Kolwezi? Uliza kwanza kama programu ya kuchora mgodi inakubali ARM. Kama haikubali, baki na x86.

Na ile ya zamani usikimbilie kuiuza. Tanzania walijenga SGR, lakini reli ya kwanza ingali inabeba mizigo.