Mbinu, Njia na Mkakati: Istilahi za Kufundishia Uongozi kwa Maafisa Waandamizi wa Jeshi

Hivi karibuni nililetewa tafsiri ya maelezo ya kozi moja ya maafisa waandamizi wa jeshi, niipitie kabla haijapigwa chapa. Katika sentensi yake ya kwanza neno "mbinu" lilitokea mara tatu. Mara ya kwanza lilimaanisha njia ya kufundishia. Mara ya pili, stadi ya kuongoza watu. Na mara ya tatu, nilipolinganisha na matini ya asili, lilisimama mahali pa mkakati. Mfasiri hakuwa mzembe, kwani kila tumizi, likichukuliwa peke yake, lingeweza kutetewa. Lakini shabaha ya kozi yenyewe ni kumtoa afisa katika mbinu na kumfikisha kwenye mkakati. Msomaji wa tafsiri ile angedhani kwamba anarudishwa alikotoka.

Makala hii inakusudia kueleza dhana zinazotumika katika mafunzo ya namna hiyo na kupendekeza istilahi zake. Jambo hili haliwahusu wanajeshi peke yao. Chuo cha Taifa cha Ulinzi, kilichofunguliwa Kunduchi, Dar es Salaam, mwaka 2012, huwapokea pia watumishi waandamizi wa serikali. Kwa hiyo lugha ya darasa lake haikosi kuingia katika majalada ya ofisi za umma.

1. Ngazi za vita

Carl von Clausewitz, aliyekuwa mkurugenzi wa chuo cha vita cha Prussia mjini Berlin tangu 1818, aliitenganisha dhana hii katika kitabu chake Vom Kriege, kilichotolewa mwaka 1832 baada ya kufa kwake. Kutumia majeshi katika pambano ni jambo moja. Kuyatumia mapambano ili kufikia lengo la vita ni jambo jingine. La kwanza ni mbinu za medani, la pili ni mkakati. Wataalamu wa baadaye wameweka kati yake ngazi ya operesheni, yaani kuyapanga na kuyaunganisha mapambano katika eneo zima la vita.

Mfano ulio karibu nasi ni mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Waingereza walileta kwa meli kutoka India askari wapatao 8,000. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa na askari wapatao 1,000, na wengi wao aliwahamisha kwa reli kutoka upande wa Moshi. Tarehe 4 Waingereza walishindwa, wakarudi melini. Namna kamanda huyo alivyowapanga askari wake na kumshambulia adui ubavuni ni mbinu za medani. Kuitumia reli kukusanya vikosi mahali pamoja kwa wakati ni jambo la operesheni. Lakini nia yake ya kuwashughulisha Waingereza Afrika Mashariki ili askari wao wasipelekwe Ulaya ni mkakati, nao aliuendeleza hata Novemba 1918.

Gavana Heinrich Schnee alipendelea koloni lisiingizwe vitani. Hitilafu yake na kamanda ilikuwa ya kimkakati, wala ushindi wa Tanga peke yake haukuweza kuiamua. Tena gharama ya mkakati ule ililipwa na wengine: maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika wa pande zote mbili walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Sauti imebaki, bali wengi waendao sokoni leo hawaijui maana. Hilo latufunza kuwa neno lililokopwa kwa sauti tu laweza kuishi miaka mingi pasipo kufundisha chochote.

2. Ukamanda na uongozi

Maneno haya mawili nayo yafaa yatenganishwe. Kamanda wa kombania huamuru, na wanaoamriwa hutii. Afisa aliyefikia ngazi ya mkakati hulazimika kufanya kazi na mawaziri, wakuu wa hazina, wanadiplomasia na majeshi ya nchi rafiki, ambao hawamo chini ya amri yake. Hao huwashawishi kwa hoja. Ndiyo maana njia za gwaride hazifai kumfundishia. Afunzwe kupima jambo lisilo na jibu moja na kuitetea rai yake mbele ya wenziwe.

3. Njia za kufundishia

Mhadhara hutoa maarifa, lakini msikilizaji hapimwi. Katika semina kila mshiriki hupaswa kusema na kupingwa, na mkufunzi huongoza mjadala bila kuuhodhi.

Uchunguzi kifani ni njia ya kuchambua tukio moja kwa undani. Istilahi hii ina faida, kwani mwenye Kiswahili hulijua neno "kifani" katika msemo "usio na kifani". Tukio huchaguliwa kwa kuwa lina mfano wake katika mambo yetu. Mwaka 1972, vita vya Vietnam vikiwa bado vinaendelea, Stansfield Turner, mkuu wa chuo cha vita cha jeshi la majini la Marekani huko Newport, aliwasomesha maafisa historia ya Thucydides kuhusu vita vya Athens na Sparta. Kwa kuzungumzia makosa ya watu wa kale, waliweza kuyapima ya kwao.

Mchezo wa vita ulipewa sura yake ya kitaalamu Prussia mwaka 1824 na Luteni von Reisswitz. Pande mbili zilisogeza vikosi juu ya ramani, dado zikaamua hasara, na waamuzi wakasimamia kanuni. Mwaka 1876 Verdy du Vernois alipendekeza mchezo huru, ambamo busara ya mwamuzi inachukua nafasi ya dado na majedwali. Baadhi ya wafasiri hulikwepa neno "mchezo" kwa kuona ni la mzaha, wakaandika "zoezi". Tunaonelea wasifanye hivyo. Zoezi lina askari na silaha. Mchezo wa vita una ramani na maamuzi.

Ziara ya kinadhimu ni safari ya maafisa hadi mahali palipopiganwa, wakiwa wamekwisha kusoma habari zake, ili wasimame pale aliposimama kamanda na kuuliza alijua nini na kwa nini aliamua vile. Neno "mnadhimu" limekwisha kuota mizizi jeshini, basi hapana haja ya kuunda jipya. Ziara bila maandalizi ya kusoma ni matembezi tu.

Njia zote hizi hukamilishwa na tathmini ya pamoja, ambayo shabaha yake ni kujifunza, si kumtafuta mkosaji.

4. Mapendekezo

Mkakati: matumizi ya nguvu zote za taifa, pamoja na jeshi, ili kufikia lengo la vita au la ulinzi.
Operesheni: upangaji na uunganishaji wa mapambano katika eneo la vita.
Mbinu za medani: matumizi ya vikosi katika pambano.
Njia ya kufundishia: utaratibu wa kutoa mafunzo. Neno "mbinu" lisitumike hapa pale panapotajwa vita.
Mchezo wa vita: shindano la maamuzi juu ya ramani, chini ya mwamuzi.
Zoezi la medani: mazoezi ya vikosi halisi.
Ziara ya kinadhimu: uchunguzi wa pambano la zamani, ufanywao mahali lilipotokea.

Walimu na wafasiri wanaombwa wazijaribu istilahi hizi na kutuletea maoni. Watumishi wa ofisi nao wanakumbushwa kwamba si kila ratiba ya kazi ni mkakati. Tukiliita kila jambo mkakati, siku tutakapouhitaji mkakati wenyewe hatutakuwa na neno la kuuitia.