Nani Ajuaye Ndege ni ya Nani?

Mwezi Agosti 1914, meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa uliokuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Ghafla ikashambuliwa na Guendolen ya Waingereza. Nahodha Berndt hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Rafiki yake Rhoades, aliyeiongoza Guendolen, alikuwa amekwisha kupata amri.

Ikiwa meli huponzwa hivyo, sembuse ndege iendayo kasi? Ndiyo maana majeshi ya anga huwa na kituo cha uongozi. Humo taarifa za rada na za walinzi wenye darubini hukusanywa, huchujwa, kisha huonyeshwa juu ya ramani moja. Afisa hutamka: hii ni yetu, hii ni ya adui. Ndipo amri hushuka kwa marubani na kwa wapiga mizinga. Waingereza waliutumia utaratibu huo mwaka 1940, makao yake yakiwa Bentley Priory, karibu na London. Sifa zilikwenda kwa marubani. Wasichana waliosukuma vialama mezani usiku na mchana hawatajwi sana, na hiyo si haki.

Kwetu, mwishoni mwa 1978, katika vita dhidi ya Idi Amin, ndege zetu tatu za kivita ziliangushwa karibu na Musoma kwa makombora yetu wenyewe. Waliofyatua walizidhania za adui. Silaha zilifanya kazi yake sawasawa. Neno la kuwazuia halikuwafikia.