Nusu na Theluthi

Mwanafunzi mmoja wa Buyenzi, mjini Bujumbura, alijumlisha nusu na theluthi, akaandika 2/5. Mwalimu hakumkemea, alimuuliza tu: “Umeongeza, mbona jibu ni dogo kuliko nusu?”

Jioni, nyumbani, msichana huyo alikata mkate vipande sita sawasawa. Nusu ilikuwa vipande vitatu, theluthi viwili. Jumla vitano, yaani 5/6. Akafahamu ya kuwa sehemu zenye asili tofauti hazijumlishwi kabla ya kupewa asili moja.

Akatafakari pia jinsi alivyozoea kunyamaza darasani kwa kuogopa kuchekwa. Kumbe kosa lililofichwa halisahihishwi!

Enyi wazazi, msimuulize mtoto amepata ngapi tu, muulizeni amepataje.