Asturias: Milima, Bahari na Watu wa Migodi

Tuseme uko na ramani ya Ulaya mbele yako. Tafuta Hispania. Panda na kidole mupaka kaskazini, pale inchi inagusana na bahari. Ndipo Asturias, jimbo dogo lenye watu karibu milioni moja. Ukisikia Hispania, labda unafikiri jua kali na udongo mukavu. Asturias si vile. Kule mvua inanyesha mara nyingi, na milima ni ya kijani.

Tunakuelezea jimbo hili juu ya sababu moja: ni jimbo la watu wa migodi, kama wewe. Nao wamekwisha kuona jambo lenye jamaa nyingi za kwetu zinaogopa: siku mugodi unafungwa.

Milima jirani ya bahari

Kule Asturias mulima na bahari vinakaa karibu. Kilele cha Torrecerredo kinazidi mita 2,600, na kutoka pale mupaka bahari hata kilomita 30 hazifike. Zamani ilikuwa vigumu kwa adui kuingia katika milima hiyo. Wanasema karibu mwaka 722, pale Covadonga, mukubwa mumoja jina lake Pelayo alizuia askari Waislamu wenye walikuwa wamekwisha kushika karibu Hispania yote. Mupaka leo watu wanakwenda kule kusali, katika kanisa dogo ndani ya pango. Na tangu mwaka 1388 mutoto mwenye atarithi kiti cha mufalme anabeba jina la jimbo hili. Leo ni binti, Leonor, na wanamuita Binti-mufalme wa Asturias.

Ukifika kijijini utaona kitu chenye hakitakushangaza: ghala la mbao, limesimama juu ya miguu. Wanaliita hórreo. Juu ya kila muguu wanaweka jiwe pana, kusudi panya ashindwe kupanda. Ndani wanalinda mahindi na vyakula vingine. Akili ya mukulima ni moja, iwe Ulaya ao Afrika!

Milimani wanafuga ngombe, na jibini ya Cabrales wanaiacha ndani ya mapango mupaka ikomee. Pwani, kule Luarca na Cudillero, wanavua samaki. Wana pombe yao ya matofaa: mwenye kumimina anainua chupa juu ya kichwa, anashika kikombe chini karibu na goti, na pombe inaanguka ndani. Na mbali na Kihispania, wengi wanajua luga yao ya Kiasturia.

Kazi ya chini ya udongo

Tangu miaka ya 1800, mabonde ya mito Nalón na Caudal yalijaa migodi ya makaa ya mawe. Miji ya Langreo na Mieres ilikomaa juu ya kazi hiyo. Watu walitoka majimbo mengine kutafuta kazi, wakazaa watoto, nao watoto wakashuka ndani ya mugodi.

Wewe unajua namna mama anasikiliza saa ya baba kurudi. Katika mugodi wa María Luisa, mwaka 1949, gazi ililipuka na watu 17 walikufa. Mwaka 1995, kule San Nicolás, wenye watu wanauita Nicolasa, walikufa 14. Wane kati yao walitoka mbali, inchi ya Wacheki. Hata mwaka 2025, wakati wengi waliona mambo ya migodi yamekwisha, watu 5 walikufa kule Cerredo.

Watu hao hawakuwa wanyonge. Oktoba 1934 walishika silaha juu ya serikali. Jeshi likawavunja, na watu zaidi ya 1,000 walikufa. Mwaka 1962, wakati wa utawala mukali wa Franco, waligoma tena, na mugomo ulianza palepale Nicolasa. Wamama walisimama barabarani, wakatupa mahindi mbele ya miguu ya wale wenye walikwenda kazini. Maana yake: ninyi ni kuku! Mumoja wao, Anita Sirgo, alikamatwa mwaka uliofuata, akapigwa, akanyolewa nywele kusudi apate haya. Hakunyamaza. Alikufa mwaka 2024, akiwa na miaka zaidi ya 90, na watu wengi walimuheshimu.

Lakini sheria iliwakataza wamama kufanya kazi chini. Mwanamuke mumoja wa Asturias alipeleka neno hilo mupaka mahakama kubwa ya inchi, akashinda mwaka 1992. Mwaka 1996 wanamuke wa kwanza walishuka.

Baba alilipwa, mutoto alikosa kazi

Makaa ya Asturias yako mbali chini, na kuyatoa kunakula feza nyingi. Mwaka 1967 serikali ilianzisha kampani yake, HUNOSA, kusudi ikamate migodi yenye ilikuwa inapata hasara. Kisha ikaanza kuifunga, mumoja kwa mumoja. Mwisho wa mwaka 2018 musaada wa serikali ulikatika, na karibu migodi yote iliyobaki ikafungwa.

Hapa sikiliza vizuri. Wafanyakazi wengi hawakufukuzwa mikono mitupu. Waliacha kazi mbele ya uzee, na kila mwezi wanapata malipo mazuri. Musomaji wa Katanga anakumbuka mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walianza kutoka kwa «départ volontaire». Kule kwetu watu walipewa feza mara moja, nazo ziliisha. Wenzetu wa Asturias walikuwa na bahati zaidi.

Lakini malipo ya baba si kazi ya mutoto. Vijana walikwenda Madrid na inchi za mbali. Mwaka 1960 Mieres ilikuwa na watu zaidi ya 70,000. Leo hawafike 40,000. Wazee ni wengi, watoto ni wachache.

Kitu gani kilibaki? Kilibaki kile mutu anabeba ndani ya kichwa na mikono. Asturias iko na kundi la waokoaji wa migodi, lenye lilianza mwaka 1912. Januari 2019, mutoto wa miaka 2 alipoanguka ndani ya shimo jembamba, kule kusini mwa Hispania, waliitwa wao. Walichimba mwamba kwa mikono na baruti kidogo-kidogo mupaka wakamufikia. Mutoto alikuwa amekwisha kufa, lakini wazazi walirudishiwa mutoto wao. Tena kule Mieres, maji ya mugodi wa zamani wa Barredo yana joto. Leo yanasaidia kupasha hospitali na majengo ya chuo kikuu.

Jiwe linakwisha. Ufundi haukwishe, kama unafundishwa mbele ya mulango kufungwa.

Ya kuzungumuza nyumbani

1. Katika jamaa yetu, kama mugodi ungefungwa mwaka huu, nani anajua kazi ingine?
2. Baba na mama wanajua ufundi gani wenye hawajafundisha watoto?
3. Vijana: mungependa muji wetu uishi na nini, siku jiwe litakwisha?