Sarufi Katika Utunzi wa Jeni

Mwanafunzi wa sintaksia aliyezoea kuchora matawi ya sentensi huenda asidhani kwamba kanuni za aina iyo hiyo zimetumiwa kuunda jeni. Hata hivyo, mnamo 2007 Yizhi Cai, Jean Peccoud na wenzao nchini Marekani walichapisha makala yaliyopendekeza jambo hilo hasa. Kazi hiyo ndiyo msingi wa GenoCAD, programu ya tarakilishi ya kusanifu DNA kwa kufuata sarufi zalishi.

Biolojia sanisi (jina lenye mzizi mmoja na usanisinuru) ni taaluma ya kuwatungia viumbe, hasa bakteria, DNA mpya ili watende kazi wasiyoijua: kutengeneza dawa, mathalani, au kung'aa wanapokutana na sumu. DNA huandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T, lakini jeni moja huweza kuwa na herufi zaidi ya elfu moja. Kwa hivyo wataalamu hutumia vijenzi vilivyokwisha kupewa majina, kama vile mtunzi atumiavyo maneno badala ya kuhesabu fonimu.

Katika bakteria, kipo kianzishi, kinachoamuru usomaji uanze, sehemu ya kushikia ribosomu, ile mashine ya seli inayounda protini, jeni yenyewe, na kikomo, kinachosimamisha usomaji. Mpangilio huu hauvurugwi ovyo. Kikomo kikiwekwa kati ya kianzishi na jeni, jeni haisomwi. Kama vile mwanaisimu aandikavyo S → KN + KT, ndivyo GenoCAD ilivyoandika kanuni za vijenzi hivi. Mtumiaji aliteua kanuni moja baada ya nyingine mpaka "sentensi" ikakamilika. Aidha, programu iliweza kuchanganua DNA iliyotungwa na mtu mwingine na kuamua kama ni sahihi.

Sahihi kwa vipi? Hapa ndipo penye uzito. Tangu Chomsky alipotoa hoja yake mnamo 1957, wanaisimu wanajua kwamba usahihi wa kisarufi na maana ni mambo mawili. "Jiwe limeoa mvua" haina kosa lolote la upatanisho. Vivyo hivyo, DNA yaweza kutimiza kanuni zote na isifanye lolote la maana ndani ya seli. Cai na wenzake walilitambua hilo: mnamo 2009 walikipa kila kijenzi sifa zake, kama nomino inavyobeba ngeli yake, ili tarakilishi ikadirie pia tabia ya sentensi nzima.

Jaribio kubwa zaidi lilitokea mnamo 2016, wakati watafiti wa MIT na Chuo Kikuu cha Boston walipotangaza Cello. Mtumiaji wa Cello haandiki DNA kabisa. Hueleza anachotaka kwa Verilog, lugha iliyobuniwa kwa ajili ya saketi za umeme, nayo programu hutafsiri. Saketi 60 ziliundwa kwa ajili ya bakteria Escherichia coli bila marekebisho ya baadaye. 45 zilifanya kazi sawasawa katika kila hali. Kwa tafsiri ya mashine, hayo ni mafanikio makubwa.

Ugumu unaobaki ni wa muktadha. Kijenzi hubadili tabia kwa sababu ya jirani yake, jambo ambalo sarufi isiyotegemea muktadha haina namna ya kulisema. Isitoshe, seli si karatasi. Kusoma DNA ya kigeni huipunguzia nguvu, ikakua polepole. Ikitokea bakteria mmoja akapoteza sehemu ya matini aliyobebeshwa, yeye huzaana haraka kuliko wenzake, na baada ya vizazi kadhaa chupa nzima huweza kujaa nakala zake.